Kifuniko cha chupa ya jamu kimegoma, na cha achari kina kutu. Nifungueje?

Kijiko_Kimoja:
Wakuu, habari za saa hizi. Nina chupa mbili za kioo, zote za kifuniko cha bati. Moja ni jamu ya dukani, haijawahi kufunguliwa. Nyingine ni achari ya maembe ya nyumbani, imekaa kabatini miezi mitatu na ukingoni pameshika kutu. Taulo nimejaribu, linateleza tu. Sitaki kuvunja kioo, na vifuniko ningependa kuvitumia tena. Je, maji ya moto yanasaidia kweli au ni maneno ya watu?

Fundi_Bati:
Mkuu, hizo ni kesi mbili, usizitibu kwa dawa moja.

Tuanze na jamu. Kiwandani hujazwa ikiwa ya moto. Ikipoa, mvuke uliobaki juu yake hurudi kuwa maji, pale juu panabaki ombwe, yaani nafasi iliyopungukiwa hewa, na hewa ya nje inakikandamiza kifuniko. Chukua kifuniko cha milimita 63: hewa ya ndani ikipungua kwa nusu tu, kinabanwa kana kwamba umekiwekea mzigo wa kilo 15 hivi. Ndiyo maana katikati yake pamebonyea. Usishindane nacho kwa misuli, kipe hewa.

Tafuta kijiko cha chai kigumu, vile vyepesi vitapinda. Ukitazama kifuniko kwa chini utaona ukingo umekunjwa ndani sehemu chache, mara nyingi nne. Hayo ni meno yanayoshika shingo ya chupa. Ingiza ncha ya kijiko kati ya meno mawili, si palipo na jino, kisha egemeza kijiko kwenye pete ya kioo iliyo chini ya kifuniko na usukume mpini kuelekea kwenye chupa. Taratibu. Utasikia "psss", halafu katikati patalia "tak". Acha hapo hapo. Geuza kushoto, robo mzunguko inatosha. Ukiendelea kubenua baada ya ile sauti unapinda ukingo, na kifuniko hakitaziba tena.

Kisu hapana. Kinateleza kuja mkononi, na kinaweza kumegua mdomo wa chupa. Kioo kikimeguka, mwaga jamu yote. Usijaribu kuchuja.

Ndala_Moja:
Mbona mnazunguka? Pindua chupa, piga kitako kofi moja zito, inafunguka.

Fundi_Bati:
Wakati mwingine inafanya kazi, kwa sababu kilichomo husukumwa kwenye kifuniko na kukilegeza kidogo. Lakini jamu nzito haisogei kwa kofi, na chupa yenye ufa usioonekana itakupasukia kiganjani. Kijiko hakina hatari hiyo.

Shangazi_Pilipili:
Niongezee kwenye maji ya moto, maana yanasifiwa kwa sababu isiyo yake. Watu husema bati linatanuka. Ni kweli linatanuka, ila kifuniko cha milimita 63 kikitoka nyuzijoto 25 kwenda 60, hakiongezeki hata milimita 0.03. Hiyo haifiki hata nusu ya unene wa karatasi ya daftari. Kazi kubwa ya moto ni nyingine: unalainisha ule utando wa mpira ulio ndani ya kifuniko, unayeyusha sukari iliyoganda shingoni, na hewa ya juu ndani ya chupa ikipashwa inapunguza mvuto wa ombwe. Kwa hiyo kwa asali, au jamu iliyokwisha kufunguliwa ikafungwa na uchafu wake, maji ya moto ndiyo dawa.

Changanya maji yanayochemka na ya bomba nusu kwa nusu, utapata kama nyuzijoto 60. Mimina kwenye sahani ya shimo kina cha sentimita 2, pindua chupa humo kwa dakika 2, kifuniko tu kiguse maji. Itoe, isimamishe, ifute ikauke KABLA ya kugeuza, la sivyo maji yaliyojificha ukingoni yatanyonywa ndani. Chupa iliyotoka kwenye friji iache nje nusu saa kwanza, kioo baridi kikikutana na maji ya moto hupasuka.

Sasa achari. Hapo adui ni chumvi na siki vilivyokula bati. Kwanza gusa katikati ya kifuniko. Kama pamevimba kwenda juu, usifungue wala usionje. Kuna gesi ndani, achari imeharibika, itupe ikiwa imefungwa. Kama pako sawa:

Sugua kutu kwa kitambaa chenye siki. Gonga ubavu wa kifuniko kwa mpini wa mwiko, ukizunguka chupa, mapigo mepesi manane au kumi. Lengo ni kuvunja gamba la kutu, si kubonyeza bati. Dondosha mafuta ya kupikia kidogo ukingoni, subiri nusu saa. Mafuta ya taa au ya mashine yasisogee karibu na chakula. Futa mafuta yote, kisha kata kipande cha tyubu ya baiskeli, kizungushe kwenye kifuniko na ugeuze. Mpira unashika pale taulo linapoteleza. Na usikandamize kwenda chini unapogeuza, watu wengi hufanya hivyo, wanaongeza msuguano tu.

Kijiko_Kimoja:
Jamu imefunguka kwa kijiko, ule mlio wa "tak" nimeusikia. Achari iko kwenye mafuta sasa hivi. Ikikataa kabisa je? Na kifuniko chake nitakitumia tena?

Shangazi_Pilipili:
Ikikataa, toboa kifuniko katikati kwa msumari mwembamba, pigo moja dogo. Hapo kimekwisha kazi, lakini cha achari kilikuwa kimekwisha tayari. Bati lililoanza kutu halirudi kwenye chakula cha chumvi. Kabla ya kukiinua, futa ukingo vizuri, vumbi la kutu lisidondokee ndani. Hamishia achari kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha plastiki. Kama huna, tandika karatasi ya nailoni safi mdomoni ndipo ufunge cha bati, na kila ukimaliza kuchota ufute mdomo wa chupa.