Tupeane uzoefu: filta ya oili iliyogoma kufunguka ukijifanyia sevisi nyumbani

Mwenye uzi
Wakuu, habari za Jumapili. Jirani yangu yuko uvunguni mwa gari tangu asubuhi. Nasikia spana inateleza, nasikia anavyohema, na najua kabisa anapambana na nini. Boliti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hutoka kwa spana namba 14 bila maneno, oili inamwagika vizuri, unajiona umemaliza. Kisha unashika filta, haijui hata kama imeshikwa.

Mimi nina Toyota IST, injini ya 1NZ. Lita 3.7 za oili na filta ndogo moja, kazi ya muda mfupi kabisa. Lakini ikiwa mara ya mwisho ilifungwa gereji, siku imeisha. Mafundi wengi wanaikaza kwa spana, wakati filta nyingi zina maelekezo hapo hapo kwenye kopo: mpira wa kuzibia ukishagusa injini, zungusha robo tatu ya mzunguko, basi. Inauma, kwa sababu anayekuja kuteseka si yeye.

Haya, ilikugomea wapi na uliitoaje?

Spana14
Umenigusa pabaya mkuu. Nafuatilia.

Mnyalukolo wa Mafinga
Acheni niseme yangu, maana bado inanikaa.

Corolla ya shemeji, alinunua kwa mtu, na huyo mtu hatukujua alibadilisha lini. Tukaipandisha nyumbani Mafinga, baridi ya mwezi wa saba, asubuhi. Oili ikatoka nyeusi, nzito. Filta sasa. Mkono, wapi. Tukafunga spana ya mkanda, ikawa inateleza kwa sababu kopo zima limelowa oili. Nikafuta kwa kitambaa na petroli kidogo, nikazungushia msasa upande wa makwaruzo ndani, ikashika kweli, lakini kopo likaanza kubonyea badala ya kuzunguka. Tukaleta spana ya mnyororo ya bomba. Ikabonyea zaidi.

Shemeji akasema sasa ni bisibisi. Akaipigilia katikati, ikatokea upande wa pili, akavuta. Lile bati likachanika kama kopo la dagaa. Akatoboa pengine, likachanika tena. Mwisho kopo lote likabaki mkononi na karatasi ya ndani, na kule kwenye injini imebaki sahani ya chini tu, ile yenye vitundu vya kuzunguka, imeng'ang'ania. Pa kushika hapana. Oili yote iko kwenye beseni, gari haiwezi kuwashwa hata kusogezwa, na dada alikuwa anatakiwa Iringa mchana kwenye msiba. Ilibidi apande basi. Hakusema neno, na hilo ndilo lililotuumiza.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja anayetengeneza majembe na mapanga. Hajui magari. Alilala chini, akatazama kwa tochi, akauliza swali moja tu: "Inafunguka kuelekea wapi?" Akaweka tindo ndogo kwenye ukingo wa ile sahani, kwa mshazari, akagonga polepole kwa nyundo nyepesi kuelekea kinyume cha saa. Anahama, anagonga upande mwingine. Wala hakuna nguvu pale. Uso wa injini hakuugusa hata mara moja. Baada ya muda ile sahani ikasogea upana wa kucha. Akagonga tena, ikalegea, akaimalizia kwa vidole.

Mpira ulikuwa umekauka, ukiukunja unakatika. Yaani ulikuwa umegandia chuma.

Mama Wawili
Huyo mzee Mungu ampe umri.

Fundi Makini
Bisibisi ni njia sahihi, tatizo hamjui pa kutoboa. Unatoboa karibu na injini, chini kabisa ya kopo, pale bati linapopata nguvu ya sahani. Ukitoboa katikati au kule mwisho lazima lichanike. Na usiingie katikati kabisa, kuna bomba la nyuzi pale, ukiligonga umeua kitu kingine.

Spana14
Fundi Makini, naheshimu ufundi wako ila hapo napinga. Kutoboa karibu na injini ndiyo kucheza na uso wenyewe. Ukikwaruza pale mpira mpya hauzibi. Mie bisibisi sitaki kuiona kwenye filta.

Fundi Makini
Nimetoa filta za kutosha kwa bisibisi. Wewe umetoa ngapi?

Spana14
Sijasema huwezi kazi. Nasema kopo la kufungulia, ile soketi pana inayovikwa juu ya filta, linauzwa Gerezani, Kariakoo, bei ya kawaida kabisa. Unanunua la saizi ya gari yako, unaliingiza kwa racheti, linashika kingo zote. Kwa nini mtu ajisumbue na bisibisi?

Mjukuu wa Bandari
Na ile spana ya makucha matatu je? Mie Mombasa hapa natumia hiyo. Kadiri unavyozungusha ndivyo makucha yanavyobana. Makanika wangu aliniuzia yake ya zamani.

Kaka Mkubwa Kibaha
Nyie mnabishana spana, mimi nawaambia kitu kingine. Mdogo wangu aliponea chupuchupu kwa ajili ya hiyo hiyo filta.

Alipandisha gari kwa jeki ya kubadilishia tairi. Ile tu. Sehemu yenyewe uani, udongo wa kichanga. Akaingia chini, oili akamwaga salama. Filta ikagoma. Sasa hapo ndipo penye hatari ambayo watu hawaifikirii: kumwaga oili hutikisi gari, lakini filta iliyogoma unaivuta kwa mwili mzima, miguu umeikita chini, na unavuta kwa mshituko. Kila ukivuta gari linayumba. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni naongea na simu. Nikaona jeki inalala. Haikuanguka ghafla, ililala taratibu, mguu wake ukizama kwenye mchanga. Nikapiga kelele, sijui hata nilisema nini.

Gari likashuka likakaa juu ya tairi la spea. Mama yetu ndiye aliyelazimisha tairi lile liwekwe chini ya boriti ya pembeni. Mama hajawahi kushika usukani, alisema tu hapendi kuona mtoto wake chini ya kitu kinachoshikiliwa na chuma kimoja. Kati ya kifua cha mdogo wangu na sampu ilibaki nafasi ya kiganja. Kiganja kilicholala, si kilichosimama.

Tulimvuta kwa miguu. Alikaa ukutani akitetemeka, ile spana ya mkanda bado iko mkononi.

Mama Wawili
Nimesoma nikasimama. Mungu ni mkubwa.

Mnyalukolo wa Mafinga
Pole sana kaka. Mdogo anaendeleaje?

Kaka Mkubwa Kibaha
Mzima kabisa. Ana stendi za jeki mbili sasa na ubao mnene wa kuweka chini yake. Bado anajifanyia sevisi mwenyewe, na mama bado anakuja kukagua.

Spana14
Wakuu wote wenye jeki za buti, someni hiyo. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Stendi kwenye sehemu ngumu, tairi za nyuma weka mawe, handbreki juu. Na kabla ya kuingia, lisukume gari kwa mkono kwa nguvu. Likiyumba, usiingie.

Mwenye uzi
Aisee. Nimemwita jirani atoke kwanza. Alikuwa na matofali. Ya saruji yale yenye matundu! Hupasuka bila taarifa yale. Namkopesha stendi zangu.

Kijana wa Probox
Nenda gym mkuu, filta yenyewe itaogopa 😂

Fundi Makini
Mnasahau jambo moja: iwashe gari dakika chache kwanza. Injini ikiwa vuguvugu oili inashuka vizuri na mpira unalainika. Wa Mafinga walianza na injini iliyolala kwenye baridi usiku kucha, lazima igome.

Dada wa Subaru
Vuguvugu sawa, lakini si kwangu. Subaru yangu ya injini ya EJ filta iko chini, mabomba ya ekzosi yameizunguka. Kaka yangu ana alama mkononi hadi leo. Mimi nalaza usiku, nafungua asubuhi.

Fundi Makini
Nimesema vuguvugu, sijasema moto.

Dada wa Subaru
Na mimi nimesema bomba la ekzosi halijui vuguvugu.

Mtumiaji wa Maskati
Salaam kutoka Oman. Huku miezi ya joto hata gari iliyolala inakuwa vuguvugu. Tatizo letu ni mpira kuokwa. Dawa yake ni ndogo: ukifunga mpya, chovya kidole kwenye oili mpya, paka mpira wote. Ukifunga mkavu unasokoteka na kuganda. Mimi sipeleki gereji Wadi Kabir bila kusimama mwenyewe nione kidole kimepakwa.

Mama Wawili
Naongezea, maana hii hamjaitaja. Filta ikitoka, tazama kama mpira umetoka nayo. Wakati mwingine unabaki umeganda kwenye injini, mtu anafunga filta mpya juu yake. Mipira miwili. Akiwasha, oili inafumuka yote chini. Baba watoto aliona taa nyekundu ya oili akazima hapo hapo, injini ikapona. Pitisha kidole pale pote kabla hujafunga.

Kijana wa Probox
Hii sikuijua kabisa. Asante mama. Na oili isikumwagikie mkononi ivalishe filta mfuko. Tangu rambo zipigwe marufuku 2019 mimi natumia mfuko wa mkate, unatosha saizi.

Mwenye uzi
Jirani kafanikiwa, kopo la kufungulia na racheti. Alikuwa anaifunga zaidi muda wote. Ukilala chini macho yanageuka. Itazame filta kwa uso wake, kisha zungusha kinyume cha saa, utakuwa sahihi hata ukiwa umelala vipi.

Mjukuu wa Bandari
Na sie wenye Prius ya 1.8? Yetu haina kopo la bati, ina kifuniko na filta ya karatasi ndani. Nimekwama hapo hapo.

Spana14
Hiyo usiitoboe wala kuishika kwa mnyororo, kifuniko kikipasuka unanunua kipya. Tafuta kopo la kufungulia la milimita 64 lenye pande 14, na lijaribu kwenye kifuniko kabla hujalilipia. Lazima likae bila kucheza. Kukaza ni Nm 25, soma kwenye kifuniko chenyewe, na badilisha ule mpira wa duara unaokuja na filta.