Mjadala: Je, mtu asiyeweza tena kuchagua wala kuabudu bado ana kusudi?

Ndugu zangu, swali la kusudi la mwanadamu hutugawa pande mbili. Upande mmoja unasema kusudi lilimtangulia mtu, kwa kuwa aliyemuumba alikuwa na makusudio naye. Waislamu hutaja Sura ya 51, aya ya 56, kwamba majini na watu hawakuumbwa ila wamwabudu Mungu, na Wakristo hutaja mwisho wa kitabu cha Mhubiri, ambako kumcha Mungu na kuzishika amri zake ndiko kunakompasa mtu. Upande wa pili unasema hakuna aliyetupangia. Mwanafalsafa Mfaransa Jean-Paul Sartre, katika mhadhara alioutoa Paris mwaka 1945, alitoa mfano wa kisu cha kukatia karatasi: fundi hujua matumizi yake kabla hajakiunda, lakini mtu hana fundi, hivyo huwapo kwanza, kisha hujifanya kuwa vile anavyochagua.

Mimi ni muumini na nasimama upande wa kwanza. Hata hivyo, naona pande zote mbili humkwepa mtu ambaye ndiye angezipima. Mchukulieni mama mzee aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau hadi hamtambui mwanawe. Mwana anamlisha kijiko kwa kijiko, anamfuta kidevu, na usiku anamgeuza ubavu asije akapata vidonda, huku mama akimwita kwa jina la kaka yake aliyekwisha kufa. Hachagui tena, na dua aliyoisoma maisha yake yote humkatikia katikati. Je, ana kusudi?

Kwa mtazamo wa Sartre jibu ni gumu, maana ikiwa mtu ni yale anayoyachagua na kuyatenda, aliyepoteza uwezo wa kuchagua amekwisha kabla ya kufa. Najua nitajibiwa kwamba heshima ya binadamu inatosha kumlinda, na kwamba Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 halimtaji Mungu popote. Ni kweli. Lakini kifungu chake cha kwanza, baada ya kusema kuwa watu wote huzaliwa sawa katika heshima na haki, kinaongeza kwamba wamejaliwa akili na dhamiri. Aliyepokonywa akili na maradhi asimame wapi? Nahofia kwamba atabaki na heshima kwa uamuzi wa walio wazima tu, na kilichotolewa kwa uamuzi wa watu huweza kuondolewa kwa uamuzi wa watu.

Waumini wenzangu nao wasishangilie mapema. Tukisema kusudi la mtu ni ibada, na ibada tukaifanya kuwa matendo peke yake, tumemtoa mama huyu nje kama ulivyomtoa upande wa pili. Iko Hadithi mashuhuri ya Mtume Muhammad isemayo kwamba kalamu, ile inayoandika matendo ya mtu, imeinuliwa kwa watu watatu: aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi apate akili. Hufundishwa kama kanuni ya sheria, na ndivyo ilivyo, ila mimi naisoma pia kama neno juu ya mwanadamu: wajibu umeondolewa, mtu hakuondolewa. Anaendelea kuwa mja wa Mola wake, na kusudi lake limo katika kuwa wa Mola huyo, hata ulimi ukisahau.

Yupo pia yule mwana. Huenda haamini chochote, na bado huamka kila usiku kumgeuza mama yake bila kutazamia thawabu. Simwiti mtu huyo asiye na kusudi, na wahubiri wanaomwita hivyo wanamdhulumu. Naamini anaitikia wito ambao mwitaji wake hajamjua. Anayeshikilia kwamba hakuna mwitaji, na kwamba upendo wa mwana unajitosheleza, namwomba atueleze: mwana mwingine asiyempenda mama yake anadaiwa nini, na anayemdai ni nani?