Kuvua upinde wa mapambo na kuweka upinde wa kweli kwenye Eunos ya 1991

TangaCoventry

Wakuu, habari za jioni.

Nina Eunos Roadster ya 1991, ile Mazda MX-5 ya kwanza yenye taa za kuinuka, injini ya 1.6, iliyoletwa hapa Uingereza ikiwa mtumba kutoka Japani. Ni gari jepesi, halifiki tani moja. Nililinunua likiwa na upinde wa chuma nyuma ya viti, bomba nene linalong'aa, na kwa miaka miwili nimeamini kwamba hiyo ndiyo kinga yetu siku gari likipinduka. Binti yangu ana miaka 14 na ndiye abiria wangu wa kila Jumapili. Akipanda hulishika kwanza lile bomba, kisha ndipo anafunga mkanda.

Jumamosi iliyopita nilitoa viti nisafishe zulia. Nikaushika upinde pale juu kabisa, nikautikisa. Ukacheza, tena upana wa kidole, mbele na nyuma. Nikachungulia chini: kila upande umeshikwa na bano la bati lililokunjwa, na boliti mbili zilizochomekwa kwenye nguzo ya mkanda. Mguu wa nyuma hakuna hata mmoja. Usiku ule usingizi ulinipaa.

Nataka kuuvua niweke rolibaa ya kweli, yaani upinde wa kukinga vichwa gari likipinduka, ila kuna mambo yananikwamisha. Mimi ni mrefu, mita 1.86. Paa la turubai lazima liendelee kufungika, maana gari hili ni la barabarani na mvua ya huku mnaijua. Halafu naona zinauzwa zenye mshazari mmoja (bomba linalokatiza upinde kutoka juu upande mmoja hadi chini upande wa pili), zenye mishazari miwili iliyopishana, na zisizo na mshazari kabisa, bei zimepishana sana. Waandaaji wengi wa siku za watu wa kawaida kuendesha magari yao kwenye viwanja vya mbio wanadai rolibaa kwa magari ya wazi, na natamani siku moja nizunguke uwanja wa Snetterton, lakini sababu yangu kubwa ni yule mtoto. Mliowahi kubadilisha, nianzie wapi?

Norwich_NA

Mkuu, anza na fagio kabla ya kutoa hata pauni moja.

Chukua mti wa fagio, uulaze kutoka juu ya upinde hadi juu ya fremu ya kioo cha mbele. Wewe kaa umefunga mkanda, helmeti kichwani, na mtu mwingine atazame kwa ubavuni. Ule mti ndio ardhi siku gari limelala kichwa chini. Helmeti isiuguse. Kanuni nyingi za mashindano zinataka kilele cha upinde kiwe sentimita 5 juu ya helmeti, na kwa paa la turubai hapo ndipo warefu tunapobanwa: upinde ukizidi kwenda juu, paa halifungiki. Kwa hiyo kinachoshuka ni kiti. Siti za kiwandani za Eunos zina sponji nene. Vua kitambaa, punguza sponji ya pale unapokalia kwa kisu cha mkate, za pembeni ziache zikushike. Mimi nilishuka karibu sentimita 4 kwa kazi ya mchana mmoja.

Na fremu ya kioo usiihesabu kuwa nguzo. Kwenye gari la wazi inaweza kulala, na ikilala ule mstari wa fagio unashuka nayo. Usiridhike na kupita kwa unywele.

Usio na mshazari usiuchukue. Fikiria fremu ya mlango isiyo na mlango: isukume kwa ubavu uone inavyoegama. Mshazari mmoja unatosha kwa matumizi yako, uanzie juu nyuma ya kichwa cha dereva ushuke upande wa abiria. Ile miwili ni imara zaidi, lakini inakula sana unachokiona nyuma, na barabarani hilo nalo ni usalama.

Jambo la mwisho, lifanye wiki hiyohiyo: valisha upinde povu gumu lililotengenezwa kwa magari ya mashindano, lenye alama ya FIA (shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari) au SFI (shirika la Marekani la viwango vya vifaa vya mashindano). Povu la kuvalisha mabomba ya maji linabonyea kwa kidole, na barabarani huvai helmeti. Ukigongwa kwa nyuma, kichwa chako kinakwenda moja kwa moja kwenye chuma.

FundiNakuru

Ndugu yangu, mimi natengeneza vizimba vya mabomba vya kukinga watu ndani ya magari ya rali huku Kenya. Gari lako sijawahi kulishika, ila chuma nakijua.

Muuzaji muulize bomba ni la namna gani. Kanuni za FIA kwa upinde mkuu zinataka chuma kisicho na mshono, kilichovutwa kikiwa baridi, kipenyo cha milimita 45 kwa unene wa 2.5, au 50 kwa 2.0. Akikujibu "ni chuma kizuri tu", ondoka. Kisha tazama mikunjo. Mkunjo mzuri ni mviringo ule ule kama bomba lililonyooka. Ukiona umebonyea ubavuni, au una mikunjomikunjo kwa ndani kama kiwiko cha shati, hapo ndipo utakapovunjika. Huku kwetu nimeletewa gari limefungwa bomba la maji la mabati, limepakwa rangi ya kupendeza. Niliukata ule upinde mbele ya mwenye gari ili auone mshono kwa macho yake.

Lakini, kaka, hata upewe bomba bora duniani, sakafu ndiyo inayolibeba. Gari likipinduka, mguu wa upinde unataka kutoboa bati uende zake. Ndiyo maana kunawekwa bamba la chuma la kuimarisha bati pale mguu unapokaa. FIA wanataka lisiwe chini ya milimita 3, eneo la sentimita 120 za mraba kwa mguu mkuu, na boliti zisizopungua tatu za M8 (kipenyo cha milimita 8) za daraja la nguvu la 8.8. Gari lako lina zaidi ya miaka 30 na linaishi kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Chukua bisibisi, gonga bati pale miguu itakapokaa. Bati zima linalia "ting". Lenye kutu linanyamaza.

Zuhura_Leicester

Samahani naingilia. Mume wangu ana MX-5 ya 1999, upinde hajaweka, lakini amenunua mikanda ya mashindano ya pointi nne, ile inayofungwa sehemu nne na kushika mabega yote mawili, na anataka kuifunga mwezi huu. Ni sawa?

Norwich_NA

Dada, mwombe asubiri. Mkanda wa kawaida unamwacha mtu ainame kidogo kando. Ule wa pointi nne unamshika wima kabisa, na gari la wazi likipinduka bila upinde, kitu kirefu kuliko vyote mle ndani kinakuwa kichwa chake. Upinde kwanza, mikanda baadaye, na mabega yafungwe kwenye bomba la mlalo la upinde, mkanda ukielekea nyuma karibu usawa au kushuka kidogo. Ukifungwa sakafuni unakandamiza uti wa mgongo.

TangaCoventry

Wakuu, narudi baada ya wiki tano, na ahsanteni kwa moyo wote.

Fagio lilinionyesha ukweli: helmeti yangu ilivuka mstari kwa sentimita 2. Nimepunguza sponji, sasa niko sentimita 3 chini yake. Bado natafuta reli fupi za kiti, maana sijafika kwenye 5 alizotaja Norwich.

Bisibisi la FundiNakuru ndilo lililobadilisha mpango wote. Upande wa kushoto bati lililia vizuri. Upande wa kulia, nyuma ya nguzo ya mkanda, halikulia; ncha ya bisibisi ilizama. Kumbe tundu la kutolea maji ya paa lilikuwa limeziba kwa majani yaliyooza, miaka na miaka, maji yakawa yanashukia ndani kwenye kizingiti cha mlango. Nje rangi nzuri nyekundu, ndani unga wa kahawia. Ningefunga upinde mpya pale, ningekuwa nimemdanganya binti yangu mara ya pili. Bati lilikatwa na kuchomelewa jipya kabla sijaagiza chochote.

Nimechukua wa mshazari mmoja, 45 kwa 2.5, wenye miguu miwili ya nyuma. Kwa atakayefuata: tangi la mafuta la gari hili liko nyuma ya viti, chini ya bati lile lile la rafu ambalo miguu ya nyuma inalipitia. Nilivalisha keekee kipande cha bomba kikabaki milimita 6 tu za ncha, nikatoboa polepole, kila tundu nikachungulia kwa tochi kabla ya lingine. Kingo zote nikazipaka rangi ya zinki siku hiyohiyo. Baadaye nilimwaga ndoo mbili za maji juu ya paa lililofungwa, ndani hakuingia tone. Turubai linagusa upinde kidogo pembeni, lakini linafungika. Kampuni ya bima nimeijulisha kwa maandishi na picha.

Lile bomba linalong'aa limelala gereji. Watu wawili wameliulizia, nimekataa kuwauzia.

Jumapili binti alikuja, akakuta upinde mweusi, mwembamba kuliko ule wa zamani. Hakuupenda. Akasema ule wa kwanza ulionekana wenye nguvu zaidi. Nikamwambia ushike pale juu, uutikise kwa nguvu zako zote. Akatikisa. Gari zima likayumba juu ya springi zake.