Jelatini ya keki ya aqika: naomba msaada, niko Nyegezi

Mama Keki Nyegezi

Assalaam aleykum ndugu zangu. Naoka keki nyumbani hapa Nyegezi, Mwanza, huu mwaka wa nne. Nilianza na maandazi ya asubuhi, nikaja hafukeki, sasa napokea oda za harusi na aqika, ile karamu ya kuchinja kwa ajili ya mtoto mchanga. Nimezaliwa kwa Wakristo, kijijini Magu, nikasilimu nilipoolewa. Kwa hiyo mambo mengi ya chakula nimejifunza ukubwani, na bado najifunza.

Jumatatu mama mmoja wa Igoma kaniagiza keki ya aqika ya mwanawe, watu kama sitini. Anataka tabaka la maziwa yaliyoganda katikati, juu rangi ya waridi. Alipokwisha kunipa malipo ya nusu akaniuliza kwa upole kabisa: "Dada, hicho kinachogandisha maziwa ni nini, na kinatoka kwa mnyama gani?" Nikamjibu ni jelatini. Swali la pili likanishinda.

Usiku ule nikatoa vitu vyote kabatini nikavipanga mezani. Jelatini niliinunua duka moja mjini, imepimwa kwenye vifuko vya plastiki, haina jina la kiwanda wala nchi. Niliwahi kumuuliza muuzaji, akasema "hiyo ni ya keki, wote wanachukua hiyo." Jeli ya kuumulia sponji ina E471. Rangi ya waridi ina E120. Vanila sielewi kilichoandikwa.

Halafu brashi. Mwanangu wa darasa la sita aliigeuza mpini akasoma maandishi ya Kiingereza, tukatafuta maana: nywele ngumu za mnyama, na mara nyingi mnyama mwenyewe ni nguruwe. Miaka mitatu napaka yai juu ya skonzi kwa brashi hiyo. Skonzi hizo zinaliwa na watoto wa madrasa hapa mtaani kila Ijumaa. Nililia, siwafichi.

Keki inatakiwa Jumamosi. Kipi nitupe, kipi nibakishe, na maziwa nitayagandisha kwa nini?

Abuu Kirumba

Waaleykum salaam dada. Tupa kila chenye herufi E. Kuna orodha inazunguka kwenye WhatsApp, inasema zote hizo ni mafuta ya nguruwe. Nilishaituma kwa familia nzima.

Fundi Mikate wa Mabatini

Abuu, naomba orodha hiyo uifute, na kwa familia uwaambie umeifuta. Najua nia yako ni njema, lakini kuharamisha kilicho halali nako ni kosa. Herufi E ni utaratibu wa Ulaya wa kuvipa namba viungo vinavyoongezwa kwenye chakula, basi. E100 ni rangi ya manjano, haya haya tunayotia kwenye pilau na mchuzi. E300 ni vitamini C. E162 ni bitiruti. Namba haisemi halali wala haramu, inasema kitu ni kipi tu.

Dada, nimefanya kazi ya kuoka mikate miaka kumi na moja, nakujibu kimoja kimoja.

Tuanze na jelatini. Inachemshwa kutoka kwenye ngozi na mifupa: ya nguruwe, ya ng'ombe, au ya samaki. Ya nguruwe ipo nyingi duniani, na yako haina hata jina, hiyo usiitie kwenye aqika ya mtu. Hata ukikuta pakiti imeandikwa ni ya ng'ombe usiridhike hapo, maana umeambiwa mnyama, hujaambiwa kachinjwa na nani wala vipi. Tafuta alama ya halali ya chombo kinachojulikana, kwa hapa kwetu BAKWATA, kwa bidhaa za Malaysia JAKIM.

E471 inatokana na mafuta, na mafuta yanaweza kuwa ya mawese, ya soya au ya mnyama. Kopo peke yake halitakwambia. Mimi ninachofanya, naenda kwa muuzaji wa jumla naomba nione boksi zima na siyo kopo moja, kwa sababu mara nyingi maelezo yako kwenye boksi. Yasipokuwepo napiga picha namba ya toleo naiandikia kampuni kwa anwani iliyo kwenye kopo. Kampuni mbili zilinijibu ndani ya wiki moja kwamba yao ni ya mimea. Moja haikujibu, nikaacha kununua kwao.

E120 ni wadudu wadogo wanaokaushwa na kusagwa. Wanazuoni wamehitilafiana, ila wewe huna haja ya kuingia kwenye khitilafu hiyo kwa ajili ya rangi. Kwangua bitiruti, kamua, chuja kwa kitambaa. Waridi inatoka nzuri mno.

Sasa kugandisha. Nunua unga wa aga, E406, unatoka kwenye mwani. (Mwani unaolimwa Zanzibar kwa kawaida hutoa ndugu yake, karajinani, E407, nayo ni ya mimea vilevile.) Aga haitumiki kama jelatini, na hapa wengi wanaharibu. Jelatini unailoweka na kuiyeyusha kwa moto mdogo. Aga lazima ichemke kabisa dakika mbili tatu huku unakoroga, la sivyo inabaki chenga. Anza na kijiko kimoja cha chai kwa kikombe na nusu cha maziwa, ujaribu kwenye kibakuli kwanza. Uzuri wake inaganda bila friji na haiyeyuki kwa joto la mchana, hata umeme ukikatika Jumamosi keki yako imesimama.

Vanila: nyingi huyeyushwa kwa pombe. Tafuta ya unga.

Ustadhi wa Pasiansi

Fundi, Allah akulipe. Mimi nizungumzie brashi, maana naona ndiyo iliyomuumiza dada yetu.

Brashi itupe. Kwa madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu huku, chombo kilichoguswa na nguruwe kikiwa na majimaji huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo safi. Bakuli la mayai na trei zako zioshe hivyo, kisha endelea na kazi.

Yaliyopita uliyafanya bila kujua. Mwisho wa Suratul Baqara tunaomba: Mola wetu, usituchukulie tukisahau au tukikosea. Wewe ulipojua uliuliza usiku uleule.

Ila usije ukaanza sasa kumhoji kila muuza nyama sokoni. Bi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, amepokea kwamba watu walimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, kuhusu nyama waliyoletewa wasijue kama ilitajiwa jina la Allah. Akawaambia: litajeni nyinyi, mle. Imo kwa Bukhari. Kifuko kisicho na jina ni jambo jingine, pale hujui hata mnyama.

Bint Ukerewe

Samahani naingilia. Na kamongo? Shemeji yangu anakataa, anasema samaki gani anapumua hewa na kujizika kwenye tope.

Ustadhi wa Pasiansi

Kamongo ni samaki, bint yangu. Makazi yake ni majini, na tope analiingia maji yanapokauka. Nasi tulimla tangu udogoni. Shemeji kama hampendi asimle, lakini asimharamishe.

Mama Keki Nyegezi

Nimerudi, ni Alhamisi usiku. Allah awalipe nyote, hasa Fundi.

Jelatini nimeimwaga. Brashi nimetupa zote tatu, nimenunua ya silikoni. Vyombo nimeosha mara saba, udongo alinichotea mwanangu, akawa anahesabu kwa sauti asije akaruka hata moja. Aga nimeipata duka la Wahindi mjini, kwenye pakiti yake kamili. Jaribio la kwanza lilitoka chenga kama ulivyosema, sikuchemsha vya kutosha. La pili limekatika kwa kisu bila kumung'unyuka.

Jeli ya sponji nimeiweka pembeni mpaka nijibiwe. Keki hii naumua kwa mayai, napiga mwenyewe dakika ishirini.

Nilimpigia mama wa Igoma nikamwambia ukweli wote, na brashi nikamtajia, na kwamba akitaka pesa yake namrudishia. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama bitiruti itaacha ladha kwenye krimu. Nikamwambia ni kidogo sana, nitamletea aonje kesho baada ya Ijumaa.

Abuu, umeshaifuta ile orodha?

Abuu Kirumba

Nimeifuta, dada. Bado shangazi yangu wa Sengerema, simu yake haipatikani. Kesho navuka kwa feri nimweleze mwenyewe.