Mgonjwa ana sukari, presha na goti: mazoezi tuanzie wapi?

fizio_wilayani
Wakuu, habari za kazi. Nina mama wa miaka 64: kisukari (glibenklamidi na metformini), presha (atenololi), goti la kulia limesagika, nyayo zinaanza kufa ganzi. Daktari ameridhia mazoezi. Kwa dakika 6 katembea mita 270 kwenye korido ya mita 20. Presha akiwa ametulia 148/88. Miongozo niliyo nayo kila mmoja una ugonjwa wake: nikifuata wa moyo goti linagoma, nikifuata wa goti sukari inasahaulika. Halafu mapigo hayavuki 95 hata akihema. Nampangiaje?

Korido_ndefu
Hayo mapigo achana nayo. Atenololi ndiyo inayoyazuia, kwa hiyo ukifuata ile hesabu ya 220 kutoa umri (ya kukisia mapigo ya juu kabisa) utamkamua mama wa watu bure. Tumia kipimo cha Borg cha 6 hadi 20, yaani mwenyewe anataja namba ya jinsi anavyojisikia kuchoka, abaki 11 mpaka 13: sentensi nzima anaimaliza, kuimba hawezi.

270 gawanya kwa 6 ni mita 45 kwa dakika. Anza na asilimia 80, yaani mita 36. Dakika 10 ni mita 360, sawa na kuikata korido yako mara 18. Goti likikataa, gawa mara mbili dakika 5-5, katikati akae. Mwanzoni ongeza muda, kasi iache. Ukija kumpima upya baada ya wiki 8, rudi korido ileile, maana kila kona anayogeuka inakula mita.

MamaKliniki
Sukari msiipite haraka hivyo. Metformini peke yake haina shida kubwa. Glibenklamidi ndiyo inakaa mwilini saa nyingi, sukari inaweza kushuka usiku mama yuko kwake. Na atenololi inaficha kutetemeka na moyo kwenda mbio, linabaki jasho. Wafundishe walio naye nyumbani hilo jasho.

Asifanye na njaa. Pima kabla: chini ya 5 mmol/L ale kwanza ndizi mbivu moja, mpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa chini ya 4, sukari vijiko 3 vya chai vilivyojaa kwenye maji, au nusu glasi ya soda (isiwe ile isiyo na sukari), kisha pima tena baada ya dakika 15, na siku hiyo mazoezi basi. Juu ya 16 na anajisikia vibaya, ahirisha. Presha 180/110 kwenda juu, ahirisha pia. Akimaliza asisimame ghafla. Atembee polepole dakika 5 hadi 10, la sivyo presha inashuka na kizunguzungu kinamwangusha.

paja_kwanza
Kosa la kila siku: goti likiuma anaambiwa apumzike, paja linakonda, goti linazidi. Mpe kukaa na kusimama kwenye kiti, mara 8, seti 2, siku 3 kwa wiki. Kiti cha plastiki ni kifupi kwake. Kiegemeze ukutani, weka mto mgumu ili goti lisikunjike sana. Atoe pumzi anapoinuka, maana akiibana presha inaruka. Maumivu mpaka 5 kati ya 10 ruksa, mradi kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Yasiporudi, punguza idadi, zoezi usilifute.

Kandambili hapana. Raba iliyofunika vidole na soksi, akung'ute kiatu kabla ya kuvaa, maana kwa ganzi hiyo kokoto haisikii. Akimaliza akague nyayo kwa kioo. Akiwa na kidonda, kutembea kusimame. Afanye mazoezi ya mikono akiwa amekaa, chupa ya maji ya nusu lita inatosha kuanzia.

fizio_wilayani
Shukrani sana. Daktari anashuku na moyo, huenda akaanzishwa furosemidi (dawa ya kukojoza maji ya ziada). Kuna cha kubadilisha?

MamaKliniki
Ajipime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, au miguu ikavimba, au akishindwa kulala chali, hakuna mazoezi. Arudi kwa daktari kwanza. Na kabla hajaanza kutembea mpime presha akiwa amekaa, kisha amesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, siku hiyo afanyie kwenye kiti na umjulishe daktari.