Wamefunga tiketi yangu ya kuomba msaada wakaandika "IMETATULIWA"!!!

Wakuu, salamu baadaye.

Wale jamaa wa hostingi, wanaotuhifadhia tovuti, mnawajua, hakuna mwenye tovuti humu ambaye hawajamliza. Nimewaomba kitu kimoja: mtu akiandika "duka." mbele ya domeini yangu, atue kwenye ukurasa wa /bidhaa/mpya. Basi. Sikuomba warushe satelaiti.

Jibu: "Weka CNAME, bandika anwani nzima." Anwani nzima! Na https yake na mikwaju yake! CNAME ni rekodi ya kuelekeza jina kwenye jina jingine, inapokea jina tu; DNS, mfumo wa majina ya mtandao, ipo tangu 1983 na haijawahi kujua ukurasa ni mdudu gani. Nikasema nataka 301 kwenye seva, yaani seva imhamishie mgeni kwenye ukurasa ule, kwa kudumu. Jibu: "Subiri saa 48 isambae." Isambae rekodi gani mtandaoni, na paneli yao wenyewe imekataa kuhifadhi, maandishi mekundu tupu?

Halafu wakafunga tiketi. IMETATULIWA. Na kidole gumba juu 👍. Yaani hakuna kilichofanyika, kidole gumba juu! Eti niwape nyota!

Kobe Mkali: Umewapa ngapi mkuu? 😂

Binti Seva: Hasira za bure. Rekodi A, ile ya jina kwenda namba, iende kwenye IP (namba) ya seva, kisha 301 kwenye paneli. Cheti cha SSL, kile cha https, kiitaje hiyo sabudomeini ya "duka.", la sivyo brauza itawatisha wateja kabla hawajaelekezwa.

Mleta uzi: Hicho kipengele cha 301 wamekifunga, wanataka nipande kifurushi. NA WAKAWEKA KIDOLE GUMBA.

Fundi Waya: Anza na 302, ile ya muda, brauza huikariri 301. Ukikosea njia utaandika uzi mwingine hapa.

Msukule wa Tiketi: Wewe angalau umejibiwa. Mimi waliniwekea CNAME kwenye jina lile lile lenye MX, rekodi ya kupokelea barua, na haviwezi kukaa pamoja; barua pepe zote kwisha. Nikalalamika, wakanijibu kwa barua pepe. Ile ile iliyokufa.

Kobe Mkali: ILE ILE 😂😂😂 nimekaa chini

Mama Kodi: Afadhali nyie. Mimi wamenikata hela ya kuhuisha domeini niliyoifuta mwenyewe.

Msukule wa Tiketi: Kumbe si mimi peke yangu! Na bei ya mwaka wa pili umeiona?

Mama Kodi: Usiniguse hapo.

Fundi Waya: Hiyo ya bei ifungulieni uzi wake, tuje wote.

Mama Kodi: Nafungua sasa hivi. Nina risiti.