Kayaki ya kwanza ya uvuvi: ninunue sasa au ningoje kusi ipite?

MshipiMtwapa ameuliza:

Assalaam aleikum na hamjambo nyote. Ninaishi Mtwapa, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivua kwa mshipi nikiwa kando ya hori, yaani mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, au katika mtumbwi wa jirani yangu siku anapokuwa na nafasi. Sasa nimeweka akiba ya kununua kayaki yangu mwenyewe ya uvuvi, na sitaki akiba hiyo ipotee kwa haraka. Nina uzito wa kilo 92, ninaogelea vizuri, nina gari dogo lenye vyuma vya kubebea mizigo juu, na nafasi ya kuvua ninaipata Jumamosi na Jumapili asubuhi tu. Nitavua zaidi ndani ya hori, penye mikoko, na siku bahari inapotulia ningependa kutoka nje kidogo, bila kuvuka mwamba, nitafute samaki kama changu na kolekole.

Rafiki yangu mmoja ananihimiza ninunue mwezi huu huu wa Juni, kwa kuwa kuna muuzaji aliyeshusha bei ya kayaki mpya inayoendeshwa kwa pedali, ambayo hata hivyo itamaliza akiba yangu yote. Mwingine anasema ninunue ya kujazwa upepo, ambayo nitaikunja na kuiweka ndani ya gari. Naomba ushauri wa wenye uzoefu, kwanza kuhusu wakati wa kununua, kisha kuhusu aina.

Kafi_Kilifi amejibu:

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Umefanya vyema kutanguliza wakati, maana huku pwani anayenunua chombo kidogo hutazama pepo kwanza, na bei ya dukani baadaye. Kusi huanza kushika mnamo Aprili, na kati ya Juni na Agosti huvuma kwa nguvu kuliko miezi mingine, ikisukuma mawimbi hadi midomoni mwa mahori. Ukinunua leo utakuwa na chombo kipya nyumbani, na hamu yako itakuvuta utoke siku ambazo hata wenye ngalawa wamezikalia pwani. Ningekuwa mimi, miezi hii ningeitumia kukodi au kuazima kayaki na kujifunza ndani ya hori palipo na kinga, kisha ningenunua Septemba au Oktoba, kusi inapolegea, ili nipate majuma ya maleleji, kipindi cha utulivu kati ya kusi na kaskazi, na msimu mzima wa kaskazi wa kukitumia chombo changu. Punguzo la bei la Juni si hasara kulikosa ikiwa chombo chenyewe kitalala hadi Oktoba.

Kuna jambo moja ambalo kwangu ndilo linaloamua kama mtu yuko tayari kununua, nalo ni kurudi juu ya kayaki kutoka majini. Tafuta mtu wa kukusindikiza, vaa jaketi la kuokolea maisha, nenda mahali ambapo miguu haigusi chini, ujipindue kwa makusudi, ukigeuze chombo na upande tena bila kusaidiwa. Fanya hivyo na aina ile ile unayotaka kuinunua, na urudie hata ukiwa umechoka. Ukishindwa kuipanda kayaki fulani, usiinunue, hata kama ina kiti kizuri na vishikio vya mishipi vya kila namna, kwa sababu chombo hicho kitakuacha majini siku ambayo hutakuwa na mtu karibu.

Halafu yatazame maji. Siku za bamvu, baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa huku kwetu huzidi mita 3, na maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa mnamo saa nne asubuhi. Kwa hiyo wewe unayevua asubuhi utakuta hori lote linamwaga maji baharini kuanzia alfajiri, na maji hayo yakikutana mdomoni na upepo unaotoka baharini, mawimbi husimama wima na kuwa mafupi, jambo baya sana kwa chombo cha upana wa chini ya mita moja. Siku za maji mafu, katikati ya bamvu moja na nyingine, mambo hugeuka: maji hujaa asubuhi polepole, mkondo ni dhaifu, na anayeanza hupata muda wa kujifunza. Safari zako za kwanza zipange Jumamosi za maji mafu, utoke mapema na umande, na uwe umerudi kabla upepo wa bahari haujaamka.

MwanawaTanga amejibu:

Nakubaliana na Kafi_Kilifi kuhusu wakati, hivyo nitasema kuhusu aina. Kwa maji yetu ya joto na kwa uvuvi wa mshipi, kayaki ya kukalia juu inafaa kuliko ile ya kuingiza miguu ndani, kwa kuwa ina matundu yanayotoa maji, haijai ikipinduka, na ni rahisi zaidi kuipanda tena. Urefu wa mita 3 hadi 3.6 na upana wa sentimita 75 hadi 85 unakutosha. Ikiwa fupi na pana zaidi itatulia lakini itakuchosha dhidi ya mkondo, na ikiwa ndefu na nyembamba itakwenda kasi lakini itakusumbua unapogeuka kuchukua chambo nyuma yako.

Uzito unaotajwa na mtengenezaji kuwa ndio mwisho wa chombo usiutumie wote, kwa sababu kayaki iliyojazwa hadi hapo hukaa chini mno na maji hupanda juu ya kiti. Mimi huhesabu asilimia 70 ya kiasi hicho. Wewe ni kilo 92, na ukiongeza nanga, maji ya kunywa, mishipi, barafu na samaki, tuseme kilo 18, jumla ni kilo 110. Basi tafuta kayaki iliyoandikwa kilo 160 au zaidi.

Pedali ni kitu kizuri, na sitaki kuzidharau, maana mikono inabaki huru kushika mshipi. Lakini kwa sehemu uliyoitaja nina shaka nazo. Mapezi yake huning'inia chini ya chombo, na maji yakipwa katika hori utakuwa ukigonga matope, mizizi ya mikoko na majani ya bahari, kisha utayapandisha na kushika kafi hata hivyo. Pia huongeza uzito, na kayaki ya kilo 40 na zaidi ni mzigo wa watu wawili juu ya gari dogo. Ya kujazwa upepo nayo nisingeipeleka kwenye mikoko yenye chaza waliong'ang'ania mizizi, ambao makali yao hukata hata viatu. Nunua ya plastiki ngumu ya kuendeshwa kwa kafi, isiyozidi kilo 30, na uweke kando theluthi moja ya akiba yako kwa jaketi zuri, kafi jepesi, kigari cha magurudumu mapana cha kuivutia mchangani, na kamba za kuifungia juu ya gari. Jaketi liwe la kukubana mwilini, lenye nafasi ya mikono kupiga kafi, ili usipate sababu ya kulivua jua linapopanda.

BiMwambani amejibu:

Ndugu MshipiMtwapa, waliotangulia wamesema vyema. Mimi nitaongeza yanayohusu mahali na ruhusa, kwa sababu wengi huyauliza wakiwa wameshanunua. Ukitoka mdomo wa hori la Mtwapa na kuelekea kusini, upande wa Shanzu na Bamburi, unaingia katika eneo la hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986 na inayosimamiwa na KWS, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya. Ndani ya mbuga yenyewe hakuna ruhusa ya kuvua hata kwa mshipi mmoja, ilhali katika eneo linaloizunguka uvuvi unaruhusiwa kwa zana zinazokubaliwa. Mpaka hauonekani kwa macho kila mahali, kwa hiyo waombe maafisa wakuonyeshe kabla hujafunga chambo.

Uvuvi wa Kenya unaongozwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya mwaka 2016. Pita ofisi ya uvuvi iliyo karibu nawe uulize ni leseni gani inayokuhusu wewe unayevua kwa burudani, na kama chombo chako kinahitaji kusajiliwa. Kisha jitambulishe kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, wa bandari ndogo utakayoitumia. Hao ndio watakaokwambia palipo na mwamba uliojificha na nyavu zilizotegwa, na ndio watakaokuwa wa kwanza kukutafuta ukichelewa, ikiwa wanakufahamu na wanajua saa uliyotoka.

MshipiMtwapa amejibu:

Nawashukuru sana, na nimeacha kabisa ile ya pedali. Nitakodi hadi Septemba. Nimesikia kwamba kuna hoteli inayouza kayaki zake za zamani za kukalia juu. Je, nikienda kuzitazama nikague nini?

MwanawaTanga amejibu:

Ni wazo zuri, na kipindi hiki chenye wageni wachache ni wakati mwafaka wa kupatana bei. Ipindue kwanza utazame tumbo. Mikwaruzo ya kawaida haina neno, lakini tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, iliyosagika kwa kuburutwa juu ya mawe, hadi plastiki ikabonyea kwa kidole gumba, ni sababu ya kuiacha. Chunguza ukingo wa kila tundu la kutolea maji, kwa kuwa hapo ndipo nyufa ndogo huanzia, hasa kwa kayaki iliyobebwa juu ya kigari cha kuchomekwa kwenye matundu. Tazama rangi pia: jua likishaila plastiki, uso wake huwa mkavu na wenye vumbi jeupe, na kayaki hiyo inaweza kupasuka ikigonga mwamba hata kama leo haina ufa.

Baada ya hapo omba kuiweka majini na kuiendesha kwa nusu saa. Ukiitoa, fungua kizibo cha kumwagia maji na uiinamishe. Matone machache yanaweza kuwa yamepitia kwenye kifuniko, lakini yakitoka maji ya kujaza kikombe, kuna mahali inavuja, na usilipe chochote mpaka pajulikane ni wapi.